Mlinzi wa Maboga

Rebecka, mwenyekiti wa kamati ya bustani, ana sauti moja tu. Anaitumia kukukaribisha kahawa, na naamini angeitumia hiyo hiyo kukuambia nyumba yako imeungua. Ndiyo aliyoitumia jioni ile ya Julai kuniarifu kwamba kamati imeamua kuajiri kampuni ya ulinzi na kufunga kamera, na kwamba sisi wa sehemu mpya tutalipa nusu ya gharama.

"Nusu," nikasema.

Akaniongezea kahawa.

Watu wa Stockholm wanaoishi kwenye maghorofa hukodi vipande vya ardhi pembeni mwa mji ili walime maua na viazi. Vipande hivyo hukaa pamoja, vina chama chake na kamati yake, na eneo lote huitwa koloni. Mimi ni mzaliwa wa Butembo, Kongo. Siku niliyoambiwa kwamba nimekubaliwa katika koloni nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalipa ada. Koloni yetu iko nyuma ya Rågsved, kusini mwa mji. Sehemu ya zamani iko juu kwenye mteremko wenye jua, na kila mtu huko ana kibanda cha mbao kilichopakwa rangi, chenye pazia dirishani, na wengine hulala humo majira yote ya joto. Sehemu mpya iko chini, kando ya reli ya metro, pale maji yanapotuama. Sisi hatuna vibanda. Tuna mchicha wa lengalenga, maharage, viazi, na mahindi ambayo baridi huyawahi kabla hayajakomaa. Tulio wengi ni Wakongo na Warundi, na Mkenya mmoja ambaye huja zaidi kupiga picha. Kamati yote ni watu wa juu. Wenzangu walinichagua niwasemee kwa sababu naendesha basi, na dereva wa basi hujifunza Kiswidi cha kugombana.

Basi nikataka kujua ulinzi huo ni dhidi ya nani. Rebecka akaeleza. Majira ya kuchipua mtu alivunja kufuli la stoo ya zana kule juu. Na tangu katikati ya Juni kuna mtu anaingia wakati watu wamelala na kukata maboga ya Nora. Hayaibi, ila anayakata. Ncha za mashina na majani machanga zinaondoka, kwa kisu kikali, safi kabisa. Nora ni mama mstaafu anayelala peke yake katika kibanda chekundu karibu na njia. Siku moja, saa kumi alfajiri, alichungulia dirishani akaona mtu amevaa koti lenye kofia, anatembea polepole kuelekea chini. Yaani kuelekea kwetu.

Nilimwambia kwamba nchi hii kila mtu ana koti lenye kofia, hata mapadri. Hakucheka. Akasema kwamba mpaka wa koloni uko upande wetu, kwamba yeyote anayeingia anapitia kwetu, na kwa hiyo ni haki tuchangie zaidi. Kisha akasema hakuna anayemshuku mtu yeyote. Nilipolisikia hilo nilijua walishakaa kikao bila mimi, na wakatushuku wote.

Nilikasirika, sitaki kuficha. Wanatuweka kwenye tope, mpakani, halafu wanatutoza gharama ya mpaka. Kamera zenyewe, kwa mchoro alionionyesha, zilikuwa za kutazama chini. Sisi tuliotoka Kivu Kaskazini tunaifahamu pesa ya aina hiyo. Wenye bunduki waliiita pesa ya lala salama, na uliilipa ili yule anayekulipisha asije kukuamsha. Nikamwambia Rebecka kwamba hatulipi hata krona moja. Na kwa kuwa hasira ilikuwa imenipanda, nikaongeza kwamba mimi mwenyewe naomba mwizi huyo akipatikana anyang'anywe kipande chake bila majadiliano, kama kanuni zinavyosema, awe nani, awe hata shangazi yake mwenyekiti. Rebecka akasema hilo ni jambo zuri, akaliandika.

Nilirudi kwa wenzangu na habari hizo, na kundi letu la WhatsApp likawaka moto. Aliyewaka kuliko wote ni mzee Révérien. Yeye ni Mrundi, mwalimu wa zamani, amekaa Sweden miaka mingi kuliko sisi wote, na anaishi Hässelby, mwisho kabisa wa njia ya kijani ya metro. Kila akitaka kupalilia maharage yake hukatisha mji mzima kwa metro na jembe lake limefungwa gazeti. Révérien haamini mtu. Akinunua mbegu huzihesabu. Alituma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, akisema wanachotaka watu wa juu si ulinzi ila ardhi yetu, na kwamba tukilipa mwaka huu nusu, mwakani tutalipa yote. Alimaliza kwa kunitahadharisha: "Mama Elise, wewe unakunywa kahawa yao. Angalia isije ikakulainisha." Elise ni binti yangu.

Nilimjibu kwamba kahawa yao ni chungu na mimi si mlaini. Kweli, kikao cha pili nilienda nimejifunga kibwebwe. Nikadai nione bei za kampuni. Nikauliza kwa nini kufuli la stoo yao, ambayo sisi haturuhusiwi kuitumia, lilindwe kwa pesa zetu. Rebecka akashuka kutoka nusu hadi theluthi, kwa sauti ile ile. Nikatoka pale naona nimeshika mpini. Nilihesabu kwamba kikao kimoja zaidi kingemfikisha kwenye sifuri.

Jioni hiyo nilikula nyumbani na mama yangu.

Mama yangu anaitwa Orpha. Alipofika Stockholm kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa amezika mume na wana wawili, na majira ya baridi yake ya kwanza aliyakaa kitini akitazama ukuta. Hakuugua kitu ambacho daktari angeweza kukionyesha kwa kidole. Aliacha tu kusema. Elise alikuwa akimsalimia kwa Kiswidi, na bibi yake alikuwa akimwangalia kama anayeangalia mvua. Tulipopata kile kipande cha chini, nilimpeleka bila kutegemea chochote. Akavua viatu. Akainama, akachota udongo, akaunusa, akasema udongo huu una njaa ya samadi. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi. Tangu hapo anaishi. Huenda shambani kila siku, huamka na jua, na anaporudi anaimba nyimbo za kanisani huku akiosha miguu. Daktari alifurahi akadhani ni vidonge.

Kwa hiyo nilikuwa na furaha jioni ile. Alikuwa amepika bugali na majani ya maboga, yaliyomenywa nyuzi vizuri na kuungwa kwa karanga za kusaga, laini hadi hayahitaji meno. Nilikula. Nikaongeza. Nikawa nafuta sahani kwa tonge la mwisho, nikimsimulia Elise jinsi nilivyomshusha Rebecka, ndipo mkono wangu ukasimama.

Sisi mwaka huu hatukupanda maboga.

Nilimuuliza mama, taratibu, majani haya ameyanunua wapi. Akanishangaa. Akasema majani hayanunuliwi.

"Ni ya yule mama wa nyumba nyekundu," akasema. "Anayiacha inatambaa mpaka mu njia. Hapana mtu mwenye anayavuna. Yanazeekea pale, mi njo niko nayakata."

Aliniambia hayo huku akiniongezea mchuzi. Kwenye mlima wetu, boga lenyewe lina mwenyewe, na ukiligusa utasikia matusi hadi kanisani. Lakini majani yaliyofika njiani huchumwa na yeyote anayekwenda kupika, na mwenye shamba hushukuru, kwa sababu shina lililokatwa ncha huzaa vizuri. Mtu anayeacha majani yazeeke njiani husemwa kuwa ni mchoyo au ni mgonjwa. Mama alikuwa ameamua kwamba Nora ni mgonjwa. Alikuwa akimsaidia. Na saa yake ya kwenda shambani ni jua linapotoka, kama alivyozoea tangu utoto, ila jua la Juni hapa Stockholm hutoka wakati watu wa heshima bado wako katikati ya usingizi. Mama hatazami saa. Anavaa koti langu la mvua, lile lenye kofia, anatia kisu kidogo cha jikoni mfukoni, anakwenda.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Niliona aibu, na nilicheka, na baada ya kicheko niliogopa. Mwizi akipatikana anyang'anywe kipande bila majadiliano. Nilisema mwenyewe, na Rebecka akaliandika. Nikawaza kile kiti na ule ukuta.

Ningemwambia mama siku ile, mambo yangeishia hapo. Najua. Lakini ungemwona anavyofunika sufuria ili kesho nipeleke kazini, amejaa fahari kwamba amelisha nyumba bila kutumia senti yetu, nawe ungeshindwa. Nilimwambia tu asiende alfajiri kwa wiki chache, kwa sababu goti lake linahitaji kupumzika. Akaniambia goti ni lake. Kesho yake nilisikia mlango ukifunguka, na mwanga ulikuwa tayari umejaa sebuleni.

Kikao cha tatu na Rebecka nilikiendesha kama mtu mwingine. Kwanza nilikataa kamera. Nikazungumza juu ya faragha, juu ya watoto, juu ya watu waliokimbia nchi zenye wapelelezi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Kisha nikasema kwamba kwa moyo wa ujirani tuko tayari kulipa theluthi ya mlinzi, ila mlinzi peke yake, bila kamera, na awe na zamu ya kuanzia saa nne usiku hadi saa nane.

Rebecka akaacha kumimina kahawa. "Lakini Nora alimwona mtu huyo saa kumi," akasema. "Kwa nini mlinzi aondoke saa nane?"

Nikajibu kwamba zamu za alfajiri ni ghali. Akasema ni bei ile ile. Nikasema wezi huwa hawaji kunapopambazuka. Akanitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikujua anafikiri nini. Aliuliza kama kuna jambo ninalolijua. Nikasema hapana. Akasema basi tutalipeleka kwenye mkutano mkuu, watu wapige kura, theluthi na zamu ya usiku mzima. Nikapeana naye mkono. 

Kule chini hali ilikuwa mbaya zaidi. Révérien alipopata habari kwamba nimekubali theluthi, mimi niliyekuwa nikisema sifuri, hakutuma ujumbe wa sauti. Halafu watu wengine wakaanza kuniita "dada" badala ya jina la mwanangu, kwa adabu ile ya kumsogeza mtu mbali. Dancille, jirani yangu wa upande wa reli, ndiye aliyenipasulia. Inasemekana nimeahidiwa kibanda kule juu, cha rangi ya njano, mzee mwenye kibanda anahamia kwa watoto wake. Eti ndiyo bei yangu. Niliapa kwamba si kweli. Dancille akasema anajua, ila alisema hivyo akiwa anaangalia nyanya zake.

Nikaanza kuwashuku wote. Nilimshuku Dancille kwamba ameona mama akipita, maana shamba lake liko njiani. Nilimshuku Elise kwamba atatoboa siri kwa rafiki zake. Kila Nora aliponipungia mkono kutoka kibarazani nilihesabu vidole vyake kutafuta kile kinachonyooshwa. Nami nilipopita kwenye maboga yake niligeuza uso, kwa sababu, Mungu anisamehe, yalikuwa yamezaa kweli kweli, makubwa na ya njano, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote pale juu.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumapili moja ya Agosti, mchana, katika nyumba ya chama. Watu wa juu walikaa upande wa madirisha, watu wa chini upande wa mlango. Hakuna aliyepanga hivyo. Sikutaka mama aje, lakini alisikia kuna mikate ya mdalasini, akavaa kitenge chake cha Pasaka. Nilimketisha nyuma. Nilikuwa nikisimama mbele kutafsiri kwa wale wa kwetu ambao Kiswidi chao ni kidogo, na nilikuwa nimejiandaa kutafsiri kwa ufupi sana.

Rebecka alisoma pendekezo. Mlinzi usiku kucha hadi saa kumi na mbili asubuhi, kamera moja kwenye njia, sehemu mpya kulipa theluthi. Kamera ilikuwa imerudi. Nora alisimama akazungumza, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alisema kwamba tangu mumewe afariki, kile kibanda ndicho mahali pekee anapopata usingizi, na kwamba tangu Juni analala na nyundo chini ya mto. Alisema anasikia hatua nje, taratibu, na kisu kikikata. Asubuhi anakuta mashina yametiririka maji. Anajiuliza mtu anayeweza kukata boga kwa utulivu namna ile anataka nini. Kisha akakaa.

Nilipaswa kutafsiri. Nilisema, kwa Kiswahili, kwamba jirani yetu anasikitika kwa mambo ya bustani na kamati inapendekeza ulinzi.

Révérien akainuka. Alikuwa amevaa suti. Alisema kwamba anaomba kumsaidia mkalimani, ambaye leo amechoka, kisha akawageukia wa kwetu na kutafsiri kwa Kiswahili safi cha mwalimu: "Wanataka tumlipe askari akeshe akilinda maboga ya yule mama, na kamera itumulike sisi. Mama Elise ameshakubali kwa niaba yetu. Kwa nini amekubali, mwulizeni yeye."

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Mama yangu alikuwa amesimama, na mkono mmoja bado umeshika mkate.

"Askari wa nini?" akasema. "Pesa inawawasha? Miye niko pale kila siku, jua likitoka tu. Sijaona mwizi hata mumoja. Ni miye na sungura. Kama munataka kulipa mulinzi, munilipe miye."

Watu wa chini wakacheka. Ilikuwa nafuu kubwa, kile kicheko. Hata Révérien alitabasamu kidogo. Kama mama angekaa hapo, ingekuwa kisa cha kusimuliwa kanisani.

Hakukaa. Akamnyooshea Nora mkate, kwa upendo.

"Na umwambie ule mama," akaniambia, "maboga yake mi njo nayikataka vichwa. Sasa inazaa. Hakusemaka asante, lakini si kitu, ni mugonjwa."

Upande wa mlango walielewa. Niliona habari ikipita usoni mwa mtu mmoja hadi mwingine. Dancille alifunika mdomo. Upande wa madirisha walikuwa bado wanatabasamu, wakisubiri, kwa sababu walichoona ni bibi aliyevaa kitenge amewachekesha watu. Nusu ya chumba ilikuwa inajua na nusu haijui, na katikati nilikuwa mimi.

Rebecka akauliza amesema nini.

Révérien alinisogelea. Yeye anajua Kiswidi kuliko mimi. Angeweza kutamka sentensi moja tu na kunimaliza, mimi niliyedhaniwa nimenunuliwa kwa kibanda cha njano. Alinitazama, akamtazama mama, na niliona jinsi hesabu zake zote za wiki tatu zinavyojipanga upya. Akasema kwa sauti ya chini sana: "Mama Elise, tafsiri ile ya kwanza. Sema amejitolea kulinda. Inatosha. Theluthi tutaitoa, mimi nitawaeleza watu."

Sikutegemea kuupata upendo huo kwake, na nusura nilie. Nilifungua mdomo nikiwa nimeamua kumtii. Kisha nikamwona Nora, mikono yake imebana mkoba, mtu aliyelala na nyundo majira yote ya joto kwa ajili ya mama yangu. Na nikamwona mama. Alikuwa bado amesimama, amenyoosha shingo kidogo, akisubiri hatimaye ashukuriwe.

Nikatafsiri. Yote. Nikaongeza habari ya majani na njia na mlima wetu, na nikasema kwamba mimi nilijua tangu Julai, na ndiyo maana nilitaka mlinzi aondoke saa nane. Nilisema kanuni ni kanuni, ila kama kuna mtu wa kunyang'anywa kipande, jina lililo kwenye mkataba ni langu.

Kisha Nora akaanza kucheka. Alicheka hadi miwani ikamtoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko. Alikuja upande wa mlango, akamshika mama mikono yote miwili pamoja na mkate, akasema tack, tack, yaani asante, mara nyingi, na mama akanigeukia akaniambia kwamba sasa anaona mgonjwa amepata nafuu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Pendekezo likaondolewa. Hakuna mlinzi, hakuna kamera, hakuna theluthi. Kamati itanunua kufuli jipya la stoo kwa pesa zake. Juu ya kipande chetu, Rebecka alisema kanuni ziliandikwa kwa ajili ya wezi, na hapa hakuna mwizi. Wa kwetu wakapiga makofi. Révérien alinipa mkono mbele ya watu wote, na akaniita kwa jina la mwanangu. Nilikuwa nimeshinda kila kitu nilichotumwa kushinda.

Tulipokuwa tukitoka, Rebecka alinishika bega. Akasema, kwa sauti ile yake moja, na najua alisema kwa wema: "Mwambie tu mama yako, kwa upole, kwamba hapa kwetu mtu huuliza kwanza."

Mama alikuwa kando yangu, akataka kujua ameambiwa nini. Baada ya yote yale, sikuwa na nguvu ya kupindisha jambo jingine. Nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele. Karibu na mlango wa jengo letu alisimama kupumzisha goti.

"Kahindo," akasema. Huniita jina langu mara chache. "Ule mwizi wa kulipia askari, alikuwa ni miye?"

Nikasema ndiyo, mama, lakini yamekwisha, hata walikushukuru. Nikasema Nora amesema achume anavyotaka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akapanda ngazi, hakusema lolote jioni ile, na mimi nilijidanganya kwamba amechoka.

Kesho yake niliamka kwenda zamu ya asubuhi nikamkuta jikoni. Jua lilikuwa limeshatoka zamani, limepiga mpaka kwenye sufuria. Alikuwa amevaa buti na lile koti, ndoo iko miguuni, ameketi kwenye kiti na mikono juu ya magoti. Kisu hakikuwa mfukoni. Kilikuwa mezani, kimeoshwa, kimefungwa kwa kitambaa. Nikamuuliza kwa nini hajaenda.

"Uwapigie simu kwanza," akasema. "Uwaulize kama ninaweza kuja."

Nikamwambia kile ni kipande chetu, tunakilipia ada, na hakuna mtu duniani wa kuulizwa. Akasema anajua. Akasema niwapigie tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa akizungumza kwa unyenyekevu, kama tulivyokuwa tukizungumza na wale wenye bunduki wa vizuizini, kule barabara ya Beni, na mimi sikuwahi kufikiri ningeisikia sauti hiyo tena, tena jikoni kwangu.

Nikachukua simu. Nikaiweka sikioni bila kupiga namba yoyote. Nikasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kutosha ili asikie, kwamba habari za asubuhi, ni Kahindo wa sehemu mpya, mama yangu anaomba ruhusa ya kuja kwenye shamba lake. Nikangoja kidogo. Nikashukuru.

"Wamekubali," nikamwambia.

Naye akashukuru, akachukua ndoo, akatoka akifunga mlango polepole ili asiwaamshe majirani. Siku iliyofuata nilimkuta tena jikoni, amevaa buti, ananisubiri nipige.